Nani Atasema Amina

Papa mmoja, kama tunavyowaita akina baba kwetu, wa shirika letu la sala hapa Bulengera, mtu wa sala ambaye namheshimu sana, alisema neno lililonikaa rohoni. Ilikuwa mwezi wa pili, redio imetoka kutaja tarehe 21 Februari, siku ambayo UNESCO imeitenga kwa ajili ya lugha za mama, na sisi baada ya kusoma Neno tukabaki tunazungumza habari za lugha zinazokufa. Papa yule akasema: Mungu anaelewa lugha zote, anaelewa hata machozi ya mtu asiyesema kitu. Kwa hiyo lugha ikifa, Mungu hapungukiwi. Na mzee wa mwisho aliyekuwa akiisema amekwenda kwa yule anayemwelewa kuliko watoto wake mwenyewe. Sasa sisi tunalia nini? Watu wakakubali, tukaimba wimbo wa mwisho, tukatawanyika.

Lile si swali la mtu mjinga. Kila kilichomo ndani yake ni kweli, na mimi kama katekista nisingethubutu kukanusha hata nusu yake. Lakini mwisho wake ulinikataa. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba papa ameanza vizuri na ameishia mahali pasipo pake, bila kujua kosa limeingilia wapi. Haya ninayoandika ni jibu langu kwake, kwa sababu yanatugusa wengi huku kwetu, Wakristo kwa Waislamu, na hata wale wasiosali.

Niseme kwanza ninakosimama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku ya posho, yaani Jumamosi, nafundisha katekesi. Bulengera ni mojawapo ya komini nne za mji wa Butembo, pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba. Kwetu Kinande ndicho lugha ya nyumbani. Ukishuka bondeni asubuhi utasikia akina mama wauza mboga wakipatana bei kwa Kinande, vijana wa chukudu na wa pikipiki wakiitana kwa Kiswahili, askari kwa Kilingala, na kwenye uwanja wa shule Kifaransa. Mtoto wa Butembo hubadilisha lugha mara nne kabla ya saa sita na haoni ajabu. Kwa hiyo sijatoka katika nyumba ya lugha moja inayoogopa nyingine. Kiswahili hiki ninachoandika nakipenda, nimekitumia kufundisha, kubembeleza na kugombana, na sina neno baya nacho.

Ila mama ya mama yangu hakuwa Mnande. Alikuwa Mmbuba, wa upande wa Oicha. Mdogo wake bado yu hai, anaishi kwangu, na sisi sote tunamwita koko, kama wazee wanavyoitwa kwetu.

Kimbuba si ndugu ya Kinande wala ya Kiswahili. Si lugha ya Kibantu kabisa. Iko pamoja na Kilese na Kimamvu za misitu ya Ituri, katika ukoo mwingine wa lugha uitwao wa Sudani ya Kati, kwa hiyo Mnande akiisikia hapati hata neno moja la kushika. Wenyewe wako katika sekta ya Beni-Mbau, kwenye kikundi cha Bambuba-Kisiki na kando yake, njia ya Eringeti. Makadirio ya miaka ya 1990 yalitaja watu elfu chache tu, na hayo ni ya kabla ya mabaya. Tangu Oktoba 2014, pale mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni, vijiji vilivyopigwa zaidi ni vya eneo lile lile: Mbau, Oicha, Mayi-Moya, Eringeti. Watu walikatwa mashambani na majumbani. Waliobaki walibeba godoro na sufuria wakashuka Beni, wengine wakafika Butembo, wadeplase kama tunavyowaita. Lugha ya watu elfu chache wanaoishi karibu karibu inaweza kudumu karne na karne. Ukiwatawanya watu hao katika vyumba vya kupanga vya miji mitatu, mmoja huku na mwingine kule, hapo hata bila mtu kuikataza itakoma.

Koko alifika kwetu kwa njia hiyo. Yeye ni Mprotestanti, mtoto wa misheni ya Oicha, pale daktari Carl Becker wa Africa Inland Mission alipojenga hospitali yake katika miaka ya 1930. Nyimbo zote anazozijua ni za Kiswahili, maana wamisionari wale walihubiri huku kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, wapate kufikia makabila mengi kwa mara moja. Kanisani anaomba kwa Kiswahili. Nilimwuliza sababu, akanijibu kwamba kule watu wanamsikiliza. Lakini usiku, kabla ya kulala, anaomba kwa Kimbuba, kwa sauti, amefumba macho, mikono juu ya magoti.

Na hapo ndipo nilipoona shida. Sisi ni Wakatoliki, tumezoea ishara ya msalaba ituonyeshe mwanzo na mwisho. Koko hana ishara. Anaomba, anatua, anavuta pumzi, anaendelea. Watoto wangu hawajui sala imeisha au bado. Mara nyingine mdogo anasema "Amina" katikati, koko anaendelea bila kukasirika, na dada yake anamfinya. Mara nyingine koko amekwisha maliza na nyumba nzima bado imeinamisha vichwa, kimya, tunangoja. Mwishowe watoto wamebuni njia yao: wanamchungulia. Akifungua macho, wanasema "Amina" kwa pamoja.

Mungu amesikia, sina shaka. Papa wa shirika letu ana haki yake hapo. Lakini katika chumba kile walikuwepo watu wengine, damu yake, nao hawakuweza kusema amina ya kweli. Walisema amina ya macho.

Mtume Paulo alikutana na jambo hili Korintho. Katika barua yake ya kwanza kwao, sura ya 14, anawauliza: mtu akishukuru kwa maneno ambayo mwenzake hayaelewi, huyo mwenzake ataitikaje amina? Paulo hakusema kwamba sala ile imepotea njiani. Alikubali kwamba aliyeomba ameomba vizuri. Kilichomuuma ni mwenzake aliyeketi pembeni, aliyeachwa nje ya shukrani. Sehemu hii wachungaji wetu huipenda sana, na hutumiwa huku kudai lugha moja kanisani: tuombe Kiswahili, kila mtu aelewe, yaishe. Nami nakubali kwa mkutano mkubwa, maana bila hiyo tungekuwa kelele tupu. Lakini angalieni Paulo anamtetea nani. Anamtetea yule asiyeweza kuitikia. Huyo katika nyumba yangu ni nani? Kanisani koko anaitikia kila kitu, Kiswahili anakijua. Ni sisi wa nyumba yake tusioweza kumwitikia yeye. Amevuka upande wetu maisha yake yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuka upande wake.

Kwa hiyo namjibu papa hivi. Ulisema kweli kwamba Mungu hapungukiwi, lakini ulimweka Mungu mahali petu. Kusikia ni kwake, kuitikia ni kwetu. Lugha haifi siku anapokufa msemaji wa mwisho. Imekwisha kufa siku anapokufa wa pili kutoka mwisho, pale anayebaki anapokosa mtu wa kumwambia "ndivyo" au "hapana, haikuwa hivyo". Na mtu kukosa wa kumwitikia katikati ya watu wake ni jambo linalotuhusu sisi, litakaloulizwa kwetu. Tusijifiche nyuma ya masikio ya Mungu.

Wako watakaonikumbusha Babeli. Wanasema wingi wa lugha ulikuwa adhabu, hivyo zikipungua ni kama adhabu inaondolewa. Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wenye shahada. Lakini siku ya Pentekoste Mungu alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuifuta Babeli: angewapa wote waliokusanyika Yerusalemu lugha moja. Hakufanya hivyo. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao alikozaliwa, na Luka akachukua taabu ya kuwaorodhesha mmoja mmoja, Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Misri na wa Libya. Jirani yangu Mwislamu aliniambia kwamba katika sura ya Ar-Rum tofauti za lugha za watu zimetajwa kati ya ishara za Mungu, sambamba na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Sijui ni kwa njia gani mtu angesoma vitabu hivi viwili na kubaki anadhani Mungu anatamani lugha zipungue.

Tena yuko Bwana wetu mwenyewe. Marko aliandika kwa Kigiriki, kwa watu ambao wengi hawakujua Kiaramu, hata ikambidi kuwafafanulia. Angeweza kuandika Kigiriki tupu na habari isingepungua. Lakini mahali pachache, kwa binti wa Yairo na pale msalabani, aliacha sauti ya nyumbani ya Yesu kama ilivyotoka kinywani. Na pale msalabani anatueleza jambo zito: waliosimama karibu walisikia vibaya, wakadhani anamwita Eliya. Sala ya mwisho ya Yesu haikueleweka na waliokuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake. Baba alisikia, naam. Lakini Injili haikuficha kwamba kutoeleweka kule kulikuwa sehemu ya mateso.

Sasa niseme jambo gumu zaidi. Sisi Wanande tunapenda kulalamika kwamba Kiswahili na Kifaransa vinatumeza. Kweli ipo. Katika darasa langu wako watoto wanaoitwa Kambale, Kasereka, Kavira, Kahindo, majina yanayokuambia mtoto ni wa ngapi kwa mama yake, na ukimwuliza kitu kwa Kinande anakujibu kwa Kiswahili. Hata hivyo Kinande kina watu wengi sana, kina Biblia, kina misa, kina redio. Baudet, padri wa Waasumpsio, shirika lililofika huku mwaka 1929, alitoa sarufi yake mwaka 1947. Ngessimo Mutaka na Kambale Kavutirwaki walitoa kamusi kubwa mwaka 2011. Ng'ambo ya Rwenzori ndugu zetu Wakonzo wanasema karibu maneno yale yale, na shule zao za Uganda zinafundisha madarasa ya chini kwa lugha hiyo. Kinande kinahitaji kutunzwa lakini hakiko kaburini. Kilicho karibu na kaburi ni Kimbuba, na waliokisogeza huko ni pamoja na sisi. Tulipofungua mashamba kuelekea msituni, lugha ya soko ikawa yetu. Mmbuba aliyeoa au kuolewa kwetu alijifunza Kinande, na sijasikia Mnande wa kizazi changu aliyejifunza Kimbuba. Mama yangu alikielewa lakini hakukisema. Mimi sikipati kabisa. Vizazi viwili vilitosha, bila sheria, bila fimbo, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kisha ikaja hofu. Baada ya 2014, kwa sababu wauaji walionekana kuyajua mapito ya msitu, shuku iliingia kati ya majirani, na wako Wambuba walionyooshewa kidole kwa ajili ya kabila lao tu, wao ambao makaburi yao yalikuwa mengi kama ya wengine. Mtu wa namna hiyo akipanga chumba mjini, atawasemesha watoto wake lugha gani uani, penye masikio? Koko alipofika kwangu alinong'ona Kimbuba muda mrefu kabla ya kukitoa kwa sauti. Hili ninalisema kwa sababu watu wa maendeleo wakija na mipango ya kufufua lugha huanza na vitabu na vipaza sauti. Huku kwetu ilibidi kuanza na kumhakikishia mama mzee kwamba hakuna atakayemdhuru kwa kuomba.

Nami nilianza na simu. Mchana mmoja koko alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nikaweka simu karibu, nikawasha kurekodi, nikauliza: maji mnaitaje? Moto? Jicho? Mvua? Alijibu machache kwa heshima, halafu akanyamaza. Nilipomsihi akaniambia, "Mwanangu, unaniokota neno moja moja kama mimi na maharage haya. Hiyo simu yako haijui kunijibu." Akaisogeza na ukingo wa mkono, akaendelea na kazi yake.

Baadaye akaja muuza makala, yaani makaa. Mzee, anatoka upande wa Oicha pale barabara inaporuhusu, na sisi tulikuwa tumenunua kwake mara nyingi kwa Kiswahili bila kujua yeye ni nani. Siku hiyo koko alikuwa mlangoni. Sijui alimtambua kwa nini, kwa sura au kwa namna ya kutamka, lakini alimsalimu kwa Kimbuba. Mzee akashusha gunia. Akajibu. Koko naye akajibu. Basi ikawa imeanza. Nilikuwa nimeishi na mama huyu na sikuwahi kuisikia sauti ile: ilishuka, ikawa ya haraka, ikakata maneno, ikauliza na kukatiza kabla ya jibu kuisha. Walikuwa wanabishana. Nilipata majina tu, ya mtu fulani wa kijiji chao, na koko anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na mzee anakikunja kidole kimoja kukataa. Baadaye nilielezwa kwamba walikuwa hawapatani juu ya idadi ya watoto wa kiume aliokuwa nao mtu huyo. Watoto wangu waliacha mchezo wakaja kusimama. Koko alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

Mvua ilimzuia mzee yule, akala bugali na sombe nasi, na wakati wa sala ukafika. Koko akaomba. Na yule mzee akawa anaitikia katikati, neno fupi hapa, mguno pale, mara moja akarudia alichosema koko kama mtu anayekitia sahihi. Sala ilirefuka. Ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia, kwa sababu mtu anayeitikiwa huwa na zaidi ya kusema. Ilipoisha hakuna mtoto aliyehitaji kuchungulia. Sauti ya mzee ilituonyesha mwisho, na sisi tukaifuata.

Tangu pale nimesoma nilichoweza juu ya watu wengine wenye msiba kama huu, na nilichokitafuta ni kitu kimoja tu: wao walimpataje mtu wa kuitikia. Kule California, ambako lugha nyingi za wenyeji zilibaki na wazee wachache, kuanzia mapema miaka ya 1990 walianza kumketisha mzee mmoja na kijana mmoja, saa nyingi kila wiki, wapike pamoja, waoshe, watembee, na Kiingereza kikae nje. Hakuna orodha ya maneno. Wamaori wa New Zealand mwaka 1982 walianza kuwaweka watoto wadogo mikononi mwa mabibi na mababu wasemao Kimaori. Kiebrania kilikaa karne nyingi katika sala na vitabu. Eliezer Ben-Yehuda alihamia Jerusalem mwaka 1881, na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa 1882, akalelewa kwa Kiebrania peke yake ndani ya nyumba. Wachamungu wengi wa mji ule walikasirika kuona lugha takatifu imeingizwa jikoni. Mimi nasimama na jikoni. Ethiopia wanaomba kwa Kigeezi mpaka leo, sala nzuri na za kale, lakini hakuna mama anayemwita mwanawe kwa Kigeezi aje kula. Sala peke yake huihifadhi lugha kama tabernakulo inavyohifadhi, wala sidharau hilo, lakini mtoto hazaliwi katika tabernakulo.

Habari iliyonishika zaidi ni ya Wawampanoag wa Massachusetts. Mwaka 1663 mhubiri John Eliot, akisaidiwa na wenyeji, alichapisha Biblia nzima kwa lugha yao, Biblia ya kwanza kuchapishwa katika Amerika Kaskazini. Nia yake ilikuwa kuwageuza waache desturi zao. Lugha ikanyamaza zaidi ya miaka 100. Kisha mwaka 1993 mama mmoja wa kabila hilo, Jessie Little Doe Baird, akaanza kazi ya kuirudisha. Alisomea isimu katika chuo cha MIT, akaifungua ile Biblia ya Eliot pamoja na hati za zamani za mashamba, na binti yake akakua akiisikia lugha hiyo tangu kuzaliwa. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikaogopa. Mimi sijawahi kushika kitabu cha sala cha Kimbuba. Kikinyamaza, mtoto wa mtoto wangu atafungua nini?

Karibu zaidi nasi, Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, Kenya, walikuwa wawindaji na wavunaji asali. Walipoingia katika ufugaji, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakahamia Kimaasai, kwa sehemu kwa sababu ya aibu ya kuonekana maskini wasio na ng'ombe. Leo jamii inajaribu kuirudisha lugha yao kutoka kwa wazee wachache mno. Aibu kwao, hofu kwetu. Hasara naona ni ile ile.

Serikali yetu haikatazi. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba, na inasema lugha nyingine ni urithi wa utamaduni ambao serikali inapaswa kuulinda. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa au lugha za mahali. Karatasi zipo. Na ni nani kati yetu asiyejua faida ya mtu kuelezwa kwa lugha yake, baada ya Ebola? Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa ule uliua watu 2,287 katika nchi yetu, na Katwa na Butembo zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Watu wa Riposte, yaani waliotumwa kupambana na ugonjwa huo, walikuja na mabango ya Kifaransa na ya Kiswahili kisicho cha kwetu. Mama mmoja aliyefiwa aliniambia alichosikia katika maneno yale ni amri tu. Kazi ilianza kuaminiwa pale jirani alipomweleza jirani kwa Kinande, mlangoni, na kumwacha aulize. Kuuliza na kujibiwa. Mmbuba aliyekuwa mjini wakati ule na mgonjwa ndani, yeye nani alimweleza?

Papa wetu amenisikiliza. Ameniuliza swali lake la pili, nalo ni zuri: je, kufufua si kazi ya Mungu peke yake? Nikamwambia kwamba Yesu alipomfufua Lazaro, kuliondoa jiwe na kuzifungua sanda aliwaachia watu. Akafikiri, akasema watoto wajifunze Kiingereza kitakachowalisha. Wajifunze. Mimi mwenyewe nawafundisha Kifaransa kila asubuhi, na sijaona mtoto aliyepoteza hesabu kwa sababu ya kujua kumjibu koko.

Binti yangu wa pili ndiye aliyekaa na koko zaidi. Nimewaachia jiko mchana wa Jumapili, wawili hao peke yao, na simu inabaki kwangu. Anajua kuomba chumvi, kukataa, kulalamika kwamba moto hauwaki, na koko anamkemea kwa Kimbuba kweli kweli, ishara kwamba anamhesabu kuwa mtu wa kuzungumza naye. Muuza makala akija, anamsahihisha binti, na wazee wote wawili wanamcheka. Tumewapata pia mama wawili wa Mbau waliopanga upande wa pili wa komini, na tumeandika barua kwa halmashauri ya parokia kuomba kwamba mara moja kwa mwezi, katika shirika letu, sala moja iombwe kwa Kimbuba na walio nayo. Padri hakukataa. Ametaka kwanza tumletee tafsiri ya sala hiyo kwa Kiswahili ili ajue ataitikia nini. Nilimpelekea koko ombi hilo. Amesema ni haki ya padri kuuliza, naye atamweleza yote, ila aje aketi jikoni Jumapili pamoja na mtoto, kwa sababu sala yake haiko kwenye karatasi. Nimempa padri jibu hilo, na ameniuliza ni saa ngapi.